Rosina na Watu wa Uzi

Siku barua ya ruzuku ilipofika kituoni, aliyeipokea ni Rosina, na mimi nasema matatizo yote yalianzia hapo. Tarishi wa manispaa aliileta kwa bodaboda, akaipitisha dirishani kwake, maana pale kituoni kila kitu kilipita dirishani kwake: wagonjwa, barua, mashuka ya kufuliwa, hata mahindi mabichi ya zawadi msimu ukifika. Alitakiwa kuipeleka kwa mganga mfawidhi kama ilivyo. Lakini bahasha haikubandikwa vizuri, na Rosina hakuzaliwa na subira. Akaisoma yote, halafu akairudia polepole.

Barua ilisema serikali imetoa ruzuku ili vituo vya afya viachane na makaratasi na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta. Kituo kingepata kompyuta mbili, vishikwambi vitatu, printa, na sola ya kuviendesha umeme ukikatika. Na fedha za mafunzo zilikuwemo. Mtumishi mmoja wa masjala ya wagonjwa atakwenda Mbeya wiki sita, na akirudi atakuwa msimamizi wa mfumo.

Mtumishi mmoja wa masjala. Sasa masjala ni nani? Rosina aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kulikuwa na yeye, kulikuwa na rafu za kadi zinazofika darini, na kulikuwa na Jenifer, binti wa kujitolea, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapanga kadi za kliniki ya watoto. Binti wa juzi juzi tu. Rosina akakunja barua, akaipeleka kwa mganga mfawidhi, akarudi anatembea kama mtu aliyekwisha panda basi.

Kosa lake la pili lilikuwa kusema. Jumamosi ile ile, kwenye jumuiya, aliwaambia akina mama kwamba serikali inampeleka Mbeya kusomea kompyuta. Wakampigia vigelegele. Mwenyekiti akaongoza sala ya kuombea safari. Jumatatu alikwenda sokoni Sumbawanga akanunua begi lenye magurudumu, na mumewe, Ignasi, mkulima wa mahindi asiyependa maneno mengi, aliliangalia lile begi likiburutwa uani akauliza kama barua imekuja na jina lake. Rosina akamwambia aache roho ya kukatisha watu tamaa.

Jina lilitajwa kwenye kikao cha Jumatano asubuhi. Daktari Basil, mganga mfawidhi, alikuwa amejifunga skafu shingoni kwa baridi ya mwezi wa sita, na alisoma barua ile ile ambayo Rosina alikuwa ameshaikariri. Mwisho wake akasema, "Nimempendekeza Jenifer. Ana cheti cha kompyuta, na kijana anashika haraka. Mama Rosina, wewe ni nguzo yetu hapa. Nguzo haitolewi ikaenda Mbeya."

Watu wakacheka kwa upendo. Rosina naye akacheka. Alijikaza kisabuni, akampa Jenifer mkono mbele ya wote, akamwambia hongera mwanangu. Kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akasimama humo mpaka mtu akagonga.

Nguzo. Mwanamke ana miaka arobaini na saba, amefika kidato cha nne, ameifanya kazi ile tangu kituo kikiwa na vyumba vitatu na choo cha shimo, halafu anaitwa nguzo. Nguzo inapigwa kokoto, inapakwa rangi, watu wanaiegemea. Usiku na mchana lile neno lilimkereketa.

Tena haikuwa tu kwamba ni Jenifer. Ilikuwa ni kwamba Jenifer alifundishwa na yeye. Alipokuja miaka miwili kabla, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Ilemba na ng'ombe wao kutoka kaskazini-magharibi, hakujua hata kadi ya mtu inatafutwaje. Rosina ndiye aliyemwonyesha kwamba Wafipa watakuja akina Fransisko kumi na wanne, wote wa ukoo mmoja, na huwezi kuwatenganisha kwa jina mpaka uulize jina la mama. Ndiye aliyemwonyesha kwamba mtu huandikishwa kwa jina la ubatizo mwaka huu, na mwaka kesho akaja na jina la nyumbani, akakuapia kwamba hajawahi kufika. Binti alisikiliza, akashika. Alikuwa na adabu, hilo Rosina hakulikana. Shikamoo yake haikukosa asubuhi hata moja. Na hiyo adabu sasa ndiyo iliyozidi kumuudhi, kwa sababu ilimnyima sababu ya kumchukia.

Jenifer alikwenda Mbeya, akarudi. Alirudi na fulana ya mafunzo, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye picha yake, na cheti ambacho Daktari Basil alikitundika mapokezi kila mtu akione. Kompyuta zikafungwa. Kikaja kiti cha ofisi chenye magurudumu cha kukalia msimamizi wa mfumo. Rosina alikuwa amekalia stuli ya mbao miaka kumi na tisa, na hakuna ruzuku iliyowahi kuiona.

Wagonjwa nao hawakuwa na msimamo. Siku za kwanza walinung'unika, wakasema mashine inachelewesha. Wiki mbili tu, tayari wananyoosha shingo kupita kichwa cha Rosina wamwone binti anavyobofya. "Huyu mtoto ana vidole," alisema mzee mmoja wa Kasense ambaye kadi yake Rosina aliwahi kuiokoa paa lilipovuja, akaianika juani karatasi moja moja. Alisahau. Wasukuma ndio kabisa, walimpita Rosina dirishani, wakaenda kumsalimia binti yao kwa lugha yao, wakacheka naye. Rosina alijua salamu moja tu ya Kisukuma, na alikuwa akiringa nayo. Sasa ilimkauka mdomoni.

"Mama, njoo ukae hapa nikuelekeze," Jenifer alimwambia karibu kila alasiri. "Ni rahisi, utashika kwa wiki moja."

"Macho yangu hayapatani na hicho kioo," Rosina alijibu.

Uongo. Macho yake yalisoma mwandiko wa matabibu, na anayesoma mwandiko wa matabibu hashindwi na kitu. Siku Jenifer alipotoka kwenda kula, Rosina alijipenyeza kwenye kile kiti, akajaribu. Kioo kikamtaka neno la siri. Akaandika Jenifer. Kikakataa. Akaandika Ilemba, akaandika Mbeya, kikafunga kabisa, na mfumo ukasimama nusu saa nzima wagonjwa wamepanga foleni hadi barazani. Jenifer aliporudi akauliza nani amegusa.

"Labda panya," alisema Rosina.

Binti akamwangalia, akatabasamu, akaanza kufungua upya. Lile tabasamu Rosina alikwenda nalo nyumbani, akamgombeza nalo Ignasi.

Sasa ndipo tufike kwenye jambo lenyewe. Kazi kubwa ya ruzuku ile ilikuwa kuhamisha kadi zote za zamani ziingie kwenye mfumo. Jenifer alipewa miezi miwili. Alikuwa akitoa kadi rafuni, anaingiza jina, umri, kijiji na namba, kisha kadi inatupwa kwenye boksi la kwenda stoo. Siku ya tatu akakutana na kadi yenye uzi mwekundu umeshonwa kwenye kona. Akaiweka kando. Akakutana na nyingine. Jioni zilikuwa tisa.

"Mama," aliuliza, "hizi kadi zenye uzi, uzi ni wa nini?"

Hapa lazima nieleze, maana ndani ya uzi ule mlikuwa na kazi ya maisha ya Rosina. Zamani, tabibu mmoja mzee, Lazaro, ambaye sasa amestaafu, alimchoma mtu sindano ya penisilini, mtu akavimba uso, akakata pumzi, wakamrudisha kwa taabu. Habari hiyo iliandikwa kwenye kadi, lakini kadi ina karatasi ishirini, na tabibu mwenye foleni hafunui karatasi ishirini. Rosina ndiye aliyefikiria. Alikwenda na sindano yake ya kushonea na uzi wa sufi, akaishona kadi kwenye kona. Tangu hapo kila mtu ambaye dawa fulani inamdhuru alishonewa uzi. Tabibu akiona uzi, anapaza sauti kupitia dirishani: "Mama Rosina, huyu vipi?" Naye, bila kufungua kadi, anajibu huyu asipewe penisilini, huyu dawa za salfa, huyu kwinini. Walifika sitini na wawili. Wote alikuwa nao kichwani. Wenyewe waliitana watu wa uzi, na kwa sababu ya uzi hawakuhangaika kukariri majina ya dawa. Mama wa kadi anajua, walisema.

Huo ndio uzi. Na binti wa kiti cha magurudumu ameuliza ni wa nini.

Rosina alimwangalia. Aliona kitambulisho shingoni. Aliona, wazi kabisa, kwamba akijibu, ile sauti ya kupitia dirishani haitasikika tena. Watu wake sitini na wawili wataingia kwenye mashine, mashine itakuwa ya Jenifer, na Daktari Basil atawaambia wageni wa wilaya kwamba mfumo umeweza. Akasema kitu ambacho hakuwa amekipanga.

"Ni uzi tu. Kadi zilikuwa zinachanika, nikawa nazishonea."

"Basi naweza kuukata? Zinabanana kwenye boksi."

"Kata."

Jenifer akachukua mkasi. Rosina akageukia dirisha, akahudumia mgonjwa, na nyuma yake alisikia ule mkasi kwa siku nzima. Angeweza kusema muda wowote. Alijiambia atasema kesho. Kesho Daktari Basil akaja na mgeni kutoka mkoani, akamwonyesha Jenifer, akamsifia dakika kumi, na Rosina hakutambulishwa hata kwa jina. Hakusema. Wiki ikapita. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa angeulizwa alikuwa wapi jana. Naye Daktari Basil, aliyezoea uzi, alidhani tu umeshaingizwa kwenye mfumo. Tabibu Gabriel, mgeni aliyehamia mwezi ule, hakuwahi kuuona uzi wowote. Yeye alifundishwa kuamini kioo.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja ya upepo, Masalu alikuja dirishani.

Mama mtu mzima, mke wa Ndalahwa mfugaji, amejitanda shuka, mguu umevimba. Mwiba ulimwingia alipokuwa akifuata ng'ombe, jeraha likaoza. Alikuwa na homa, na hakusema mengi. "Mwangaluka," alimsalimia Rosina, na Rosina akafurahi kwa kuwa safari hii kuna Msukuma aliyeanza na yeye. Akamwitikia. Akampa namba, akamwelekeza kwa tabibu Gabriel. Masalu akaondoka akichechemea, na Rosina akamkumbuka alipokwisha mpa mgongo.

Masalu. Penisilini. Miaka sita iliyopita, kitanda cha tatu, uso umevimba mpaka macho hayaonekani.

Msimfikirie vibaya kuliko alivyokuwa, wala msimfikirie vizuri. Alifikiria kunyanyuka. Lakini kulikuja wazo jingine likamkalisha. Ngoja, alijiambia. Tabibu akikwama atapaza sauti. Ataniuliza mimi, na kila mtu atasikia kwamba mashine haijui. Aliitamani ile sauti. Alikuwa hajaitwa tangu uzi ulipokatwa. Akakaa kwenye stuli yake, masikio yameelekea chumba cha tabibu, akaandikia watu wawili namba huku anasubiri kuitwa.

Hakuna aliyemwita. Kioo cha Gabriel kilikuwa kinasema mgonjwa huyu ni mzima wa kila kitu, na tabibu hawezi kuuliza juu ya jambo asilolijua. Mlango ukafunguliwa, Masalu akatoka na karatasi mkononi. Akapita dirisha la dawa. Akaingia chumba cha sindano.

Rosina alinyanyuka. Mgonjwa aliyekuwa dirishani akasema, mama, kadi yangu, naye hakumjibu. Kutoka masjala hadi chumba cha sindano ni hatua thelathini kupitia baraza iliyojaa watu, na alizipiga akisukuma mabega, kanga ikamdondoka, akaiacha. Aliposukuma mlango, muuguzi Yonas alikuwa ameinua bomba, anatoa hewa. Masalu amekaa, amegeuza uso ukutani.

"Usimchome," alisema Rosina. Sauti haikutoka vizuri. Akasema tena. "Yonas, usimchome huyo. Ni wa penisilini."

Yonas akashusha mkono. Akaangalia karatasi, akamwangalia Rosina. "Kwenye mfumo hakuna kitu."

"Najua hakuna."

Masalu akageuka, akawaangalia wote wawili bila kuelewa, kisha akamwambia Yonas kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba yeye ni mtu wa uzi. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Kwake lilikuwa jambo linalojulikana na kila mtu pale. Rosina akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa.

Saa saba Daktari Basil akaita kikao. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeona jinsi ambavyo angeitwa mkoani kujieleza. Akauliza swali moja tu: wale watu wa uzi, nani aliwaingiza kwenye mfumo bila kuandika dawa zinazowadhuru?

Rosina alifungua mdomo. Nataka mjue kwamba aliufungua. Lakini kabla hajatoa neno Jenifer alikuwa amesimama.

"Ni mimi, daktari. Mimi ndiye niliyeingiza kadi zote. Uzi niliukata mwenyewe."

"Hukumuuliza mama Rosina?"

"Kosa ni langu," alisema Jenifer.

Daktari akasema anataka barua ya kujieleza mezani kwake kesho saa mbili asubuhi. Akasema na kuhusu awamu ya pili ya mafunzo ya ruzuku, ile ya miezi sita Dodoma, ambayo jina la Jenifer lilikuwa limeshaandaliwa, ajue kwamba hawezi kumpeleka mtu wa namna hii. Watu wakatoka. Rosina alipofika mlangoni, daktari akamwita nyuma, akafunga mlango.

"Mama, leo umeokoa maisha ya mtu, na umeniokoa mimi," alisema. "Nilikosea mara ya kwanza. Nitapeleka jina lako Dodoma."

Haya. Alichokitaka hiki hapa. Miezi sita, cheti, kiti cha magurudumu, na ameombwa samahani juu yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa ameshakuzoea. Alisema asante daktari. Alirudi masjala akijaribu kufurahi, na furaha ilikuja kidogo, nisiwadanganye. Alijiona stendi ya Sumbawanga, begi linapakiwa kwenye basi.

Saa tisa wagonjwa walikuwa wameisha. Jenifer alikuwa ameketi mbele ya karatasi nyeupe, kalamu mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, barua ya kujieleza inaandikwaje? Sijawahi."

Rosina aliwahi, mara mbili katika miaka yake. Akavuta stuli. "Lete hapa. Mwandiko wako hausomeki." Akaandika anwani ya kituo, tarehe, kwa mganga mfawidhi. Akaandika: Yah, kujieleza kuhusu taarifa za wagonjwa. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa, aandike nini.

"Andika tu nilizembea. Sikuuliza."

"Uliuliza," alisema Rosina. Lilimtoka.

"Najua, mama."

Kalamu ikasimama. Jenifer akanyoosha mkono chini ya meza, akatoa kadi kuukuu ya Masalu. Alikuwa ameifuata stoo kabla ya kikao, akaifunua mpaka karatasi ya mwisho. Pale, kwa mwandiko mzuri ambao wote wawili waliujua, paliandikwa: Ameshonewa uzi. Asichomwe penisilini. Rosina.

"Ulikuwa unajua kabla ya kikao," alisema Rosina.

"Ndiyo."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mtu aliyenifundisha kazi alinidanganya? Wangekusimamisha kazi, mama. Wewe una miaka kumi na tisa hapa, mimi nina miwili. Mimi nikitolewa nitaanza mahali pengine." Akafuta pua kwa kiganja. "Halafu nilidhani kuna kitu nimekukosea, na sijui ni kipi."

Mtu mwingine angelia hapo. Angemkumbatia binti, angemwomba msamaha, na mimi ningewasimulia vizuri. Rosina hakulia. Kilichompanda kifuani ni wivu ule ule, tena mkali kuliko wa cheti, mkali kuliko wa Mbeya na kile kiti. Hata hapa? Huyu mtoto amemzidi mashine, amemzidi sifa, amemzidi hata salamu za Wasukuma, na sasa anataka amzidi na roho? Yeye, Rosina, akae Dodoma miezi sita, kila akifungua kompyuta akumbuke kwamba yupo pale kwa fadhila ya binti aliyekalia ndoo? Hapana. Hilo hapana. Kila kitu kingine achukue, lakini hilo asingemwachia.

Akainama, akaandika haraka, mistari yote imenyooka. Aliandika kwamba aliulizwa juu ya uzi na akajibu uongo. Aliandika siku na tarehe. Aliandika kwamba asubuhi ile alimtambua mgonjwa dirishani, akakaa bila kusema mpaka karibu achomwe. Hakuandika sababu, kwa kuwa serikalini hakuna nafasi ya kuandika wivu. Kisha akaweka sahihi, na chini yake jina lake.

Jenifer alisoma juu ya bega lake. "Mama, umeandika jina lako."

"Nimeliona."

"Daktari atakufanya nini?"

"Atakachotaka. Wewe nenda nyumbani."

Asubuhi Daktari Basil aliisoma barua akiwa amesimama, akaketi, akaisoma upya. Akamuuliza kama kuna mtu amemlazimisha. Rosina akasema hakuna. Akamuuliza kwa nini basi alifanya vile, mtu mzima, mtu aliyemwamini. Rosina akasema aliona wivu. Daktari akamwambia atapata onyo la maandishi kwenye faili lake, na nakala inakwenda manispaa, na wao wanaweza kuongeza yao. Dodoma asahau. Jina la Jenifer litarudi. Rosina alidhani alishajiandaa kusikia hilo la mwisho, lakini lilimkata maini pale pale aliposimama.

"Na kabla ya saa sita mchana," alisema daktari, "nataka hao watu wote wa uzi wawe kwenye mfumo. Wote."

Akarudi masjala. Jenifer alikuwa ameshashusha maboksi matatu kutoka stoo, amepiga magoti anatafuta, nyuzi zimeshakatwa na hakuna kadi inayojitambulisha. Zingehitajika siku nne. Rosina akamwambia ayaache maboksi, akae kwenye kiti chake. Yeye akavuta stuli, akaketi kando ya kompyuta, mikono mapajani, akafumba macho.

"Andika," alisema. "Gaudiosa wa Kasense, mama yake Marsiana, salfa. Raymond wa mama Gaudiosa huyo huyo, salfa pia. Fransisko wa pili, yule wa mama Agripina, kwinini. Masalu wa Ndalahwa, penisilini. Leonardi fundi baiskeli, amezaliwa mwaka wa njaa, penisilini."

Vidole vya Jenifer vilikimbia. Rosina hakusita mahali. Alitaja jina, mama, kijiji, dawa, na lingine, na lingine, akina Fransisko wakapita mmoja mmoja bila kugongana. Yonas alisimama mlangoni kusikiliza. Gabriel naye akaja, na kishikwambi chake mkononi. Walipofika mtu wa thelathini na kitu, Jenifer akafuta jina aliloandika vibaya, akavuta pumzi.

"Taratibu, mama," alisema. "Siwezi kukufuata."

Rosina alisikia vizuri sana. Akamtaja anayefuata, na hakupunguza mwendo.